Pipa Linalojipasha Joto

Kilawe alipomaliza kuunganisha nyaya, pipa la pombe ya mbege lilianza kujipasha joto na kujizima lenyewe, bila mkono wa mtu. Tangu afiwe na mkewe, jirani yake Ndeshi ndiye aliyekuwa akija kuchovya kidole kupima joto, kuonja, na kuketi wakipiga soga hadi povu lipande.

"Shemeji, leo huji kuonja?" Kilawe aliita ng'ambo ya ua.

"Nije kufanya nini? Si umejipatia mke wa umeme!" Ndeshi alicheka, akaendelea kupeta ulezi wake.

Kilawe alirudi ndani. Taa ndogo ya kijani ilimwarifu kwamba mambo ni shwari. Akachomoa plagi, akaketi, kiganja juu ya bati la pipa lenye uvuguvugu, akingoja lipoe ili apate sababu ya kuita tena.