Nusu Kilo ya Sungura

Kati ya asubuhi ya tarehe ishirini na mbili Desemba na asubuhi iliyofuata, sungura aitwaye Lozi alipungua nusu kilo. Gerishom aliandika kwenye daftari kama mizani ilivyosema: jana kilo moja na gramu mia nane, leo kilo moja na gramu mia tatu. Akamrudisha sungura bandani, akasoma kipimajoto, akaandika nyuzi joto kumi na tisa, akatia komeo.

Huyo hakuwa Lozi.

Lozi halisi alitoweka jana yake adhuhuri. Madam, mwajiri wake Mwarabu, alikuwa amesafiri na mumewe na binti yao Ikhlas kwenda kuona theluji. Aliacha sungura watatu wa Ikhlas kwenye banda la mbao uani, hita ya umeme, na amri mbili: joto lisishuke chini ya nyuzi kumi na nane, na kila sungura apimwe uzito kila asubuhi. Jambo la tatu alilisema akiwa ameshafungua mlango wa gari. Mkataba wa Gerishom ulikuwa unaisha Januari. Akirudi awakute sungura watatu wazima, angetia sahihi miaka miwili mingine. Asipowakuta, khalas.

Gerishom alikulia Kakamega, ambako sungura hulala nje na hakuna anayemwashia hita. Alijua kwamba mnyama huyo huogopa joto kuliko baridi. Lakini amri ni amri. Mwanatumu, mpishi wa nyumba, alikuwa mtu wa Lamu na alilitazama jambo hilo kwa jicho lake. Nyuzi kumi na nane, alisema, zingemuua yeye kabla ya sungura, na kila jioni alipita bandani na kipande cha blanketi.

Kilichomsumbua Gerishom zaidi ni komeo. Lozi alipotoweka, alilikuta limetiwa, kwa nje. Paka hafungui komeo, na sungura hafungi mlango nyuma yake.

"Hapo usitafute paka, kaka Gerishom," Mwanatumu alimwambia. "Hapo ni jini."

"Jini achukue mmoja aache wawili?"

"Huenda ana familia ndogo."

Walizungumza hayo uani, mbele ya mama yake madam, bibi kizee aliyebaki nyumbani kwa kuwa magoti yake hayakutaka kusikia habari za theluji. Kila asubuhi alitolewa kiti juani, akajifunga shali, akanywa kahawa yake bila neno. Akiongea na mwanawe alitumia Kiarabu. Wafanyakazi aliwatikisia kichwa tu. Kiingereza hakukijua. Kwa hiyo wale wawili walipanga mambo yao kwa Kiswahili, waziwazi, hatua mbili kutoka kitini pake. Gerishom apande basi hadi soko la wanyama kule Warsan, atafute sungura wa kahawia mwenye sikio moja jeupe. Mwanatumu abaki akisoma dua.

Alimpata kwenye duka la tano. Rangi ile ile, sikio lile lile, upole ule ule. Umri tu ndio ulipungua.

Mwanatumu alipoliona daftari alishika kiuno. "Kilo na mia tatu? Si uandike mia nane! Nani atakuja kupima?"

"Uongo mmoja unatosha, dada. Mizani haisemi mia nane."

Bibi kizee alikohoa ndani ya shali mpaka mabega yakamtikisika. Mwanatumu akamwonea huruma, akamwongezea kahawa.

Baada ya hapo siku zilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Kuna usiku nje joto lilishuka hadi nyuzi kumi na mbili. Bandani kulibaki kumi na tisa. Lozi mpya alikula kwa bidii, akaongezeka gramu mia mbili. Hata bibi kizee alichangamka. Aliacha kusugua magoti, akaanza kufagia chumba chake mwenyewe na kupokea sinia la chakula mlangoni. Karoti za jikoni nazo zikawa hazidumu siku tatu. Mwanatumu alimsingizia jini.

Tarehe nne Januari familia ilirudi. Ikhlas alikimbilia bandani, akamkumbatia Lozi, hakuuliza lolote. Gerishom akashusha pumzi. Madam aliketi uani kando ya mama yake, mkataba mezani, kalamu mkononi, akalifungua daftari huku akisifu usafi wa maandishi. Alifika tarehe ishirini na tatu. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, kisha akaiweka kalamu mezani.

Alimuuliza kwa Kiingereza, taratibu, nusu kilo nzima ya sungura ilikwenda wapi kwa siku moja.

Gerishom alimtazama Mwanatumu aliyesimama na sinia la kahawa.

"Niseme paka," akamuuliza kwa sauti ya chini, "au niseme kweli?"

"Sema kweli, kaka. Yaishe."

"Kweli yenyewe siijui."

Bibi kizee akakiweka kikombe chini.

"Mwambie kuwa Lozi yuko kitandani kwangu, mwanangu," akamwambia Gerishom kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "ananipasha moto miguu."