Gauni Likishasema

Enzi hizo Tanga, mafundi waliogombea mshono hawakwenda mahakamani. Waliliuliza gauni lenyewe, na likishasema, ilikuwa marufuku kuigusa kesi tena popote, hata chumbani.

Mwanakheri akalinyanyua gauni la jirani na fundi mwenzake, Riziki. "Haya, nani alikubuni?"

"Wewe," gauni likajibu.

"Umesikia, mwizi we?"

"Yaishe, shoga yangu," Riziki akasema, akilivuta gauni lake haraka.

Haraka ile ikamtia Mwanakheri shaka. "Ngoja! Nani alikushona?"

"Mumeo. Alimpima Riziki kiuno kwa shibiri, na futi ipo mezani."

Usiku mumewe akamshika kiuno. "Umenuna nini, mke wangu?"

"Sijanuna."

Akatulia chini ya viganja vile, akiwaza kiuno cha Riziki kilitimia shibiri ngapi.