Kitufe Chekundu Juu ya Punda

Kila Jumapili mchana, meza ya Shekue, fundi cherehani, iligeuka nchi ya majitu. Yeye alisimulia safari, wenzake wakacheza, kila mmoja na shujaa wake: kitufe cha koti. Asiyekuja kucheza, shujaa wake alilazwa juu ya punda wa gunzi, akabebwa.

Leo walifika darajani, yaani kwenye rula ya mbao.

"Jitu liko nyuma yenu," alisema Shekue, "na punda hapiti na mzigo wote huo. Punguzeni."

Hidaya, aliyejiunga mwezi uliopita, akagusa kitufe chekundu. "Huyu kalala tangu nije. Tumwache, tubaki na sanduku la dhahabu."

Kibibi, mchezaji wa tangu mwanzo, aliweka dadu chini. "Huyo ni Tunda. Alihamia mbali kikazi. Kila Jumapili jioni hutupigia simu, anauliza, 'Leo nimefika wapi?'"

Hidaya alilitazama sanduku, kiberiti kilichojaa shanga. Akalitupa chini ya meza.

"Haya, twendeni," alisema, kisha akashusha sauti. "Lakini polepole, jamani. Msimwamshe."

Watu wazima watatu wakainama, wakinong'ona, wakimsukuma punda juu ya rula.