Giaboksi ya Gari Dogo

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa nne asubuhi, ambulensi ilikwama katikati ya mlima. Ndani alikuwa mke wangu na uchungu wa kuzaa, nami nimemshika mkono.

Giaboksi ya ambulensi ile niliifunga mimi, imetolewa kwenye gari dogo. Nilimwambia mkuu wa karakana ya hospitali, "Bosi, hii haitabeba uzito huu."

"Bolti zimeingia?"

"Zimeingia."

"Sasa unangoja nini, fundi, mahari?"

Dereva alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, magurudumu yakagoma. Oili ya gia ilinuka kama nywele zilizoungua.

Wakubwa wa hospitali wamekaa vikao vitatu, wamekunywa soda zao, wameondoka. Hakuna aliyejibu swali la mwisho la marehemu: "Baba watoto, mbona hatuendi?"