Moja kwa Hamsini

Kisiki aliinua dumu la petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, akalimwaga lote mtaroni mbele ya macho ya shemeji yake. Mafuta ya kutosha kukatia miti siku nzima yakaenda na maji machafu.

"Tunachanganya upya," akasema. "Na safari hii napima mwenyewe."

Shemeji, kaka wa mkewe, hakubisha. Tangu jana sauti ilikuwa imemkauka. Akisema neno alijishika koo kama anayemeza mwiba. Pombe hizo, Kisiki aliwaza.

Ugomvi wao ulikuwa oili. Msumeno wa injini haunywi petroli tupu. Ukiupunja oili, pistoni inaungua. Ukiuzidishia, unajaa moshi na kulegea. Shemeji alichanganya moja kwa hamsini, kama chupa ilivyoandikwa, au ndivyo alivyodai. Kisiki alikuwa na hakika kwamba anazidisha makusudi. Msumeno ule zamani ulikuwa na ngurumo. Sasa ulinong'ona kama mgonjwa anayeomba maji. Alibadilisha oili. Akabadilisha duka, baada ya kugombana na mwenye duka la kwanza hadi akapigwa marufuku kukanyaga pale. Haikusaidia. Kukata ulikata, hilo hakukana. Lakini mtu huijua sauti ya chombo chake kama anavyoijua sauti ya mwanawe.

Na sababu aliijua. Majuzi tu shemeji alimwambia, "Niachie msumeno mimi, shemeji. Wewe pumzika."

Apumzike, yeye anayejitwisha gogo bila kusaidiwa. Hila ilikuwa wazi: msumeno uonekane umechoka, mwenyewe akate tamaa, jamaa aurithi mchana kweupe huku mwenye mali yu hai.

Halafu ule mti wa jana. Uligeuka ukiwa nusu ya kukatwa, ukaja upande wa Kisiki. Kazi ya shemeji ilikuwa moja tu, kutazama juu na kuonya. Kisiki alishtukia tawi limemchana bega na kumbwaga kifudifudi kwenye majani.

"Ulinyamaza," alimwambia sasa, huku akilitikisa dumu jipya kwa nguvu mpaka kifuniko kikavuja. "Uliniona nakufa, ukanyamaza."

Shemeji alimtazama usoni kwa muda mrefu. Machozi yalimlenga, na Kisiki akayaona kuwa ni machozi ya mtu aliyefumaniwa.

"Siendi tena kukata miti na wewe," shemeji alisema polepole, neno moja moja. "Nitakuja kukuzika."

Akavua glavu, akaziweka juu ya gogo, akaingia ndani kwa dada yake.

Kisiki alipomfuata, aliwakuta jikoni, vichwa vimekaribiana. Midomo ilikuwa inacheza. Walipomwona wakaacha.

"Mnanong'ona nini?"

Mkewe aliweka mwiko chini. "Hakuna anayenong'ona, mume wangu."

"Kila nikiingia humu ni minong'ono. Nikikuuliza jambo unaongea na sufuria. Sawa. Damu ni nzito kuliko maji." Akauelekeza mkono kwa shemeji yake. "Huyu nikirudi nisimkute."

Aliubeba msumeno begani, lile bega zima, akatoka. Hasira zilimfanya atembee kama anayefukuzwa. Mke hakumwita hata mara moja, na hilo lilimuuma kuliko tawi. Alipofika kwenye kona akageuka: mwanamke alikuwa amesimama katikati ya njia, pekupeku, mikono kichwani. Aigize tu, Kisiki akasema moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi wa misumeno alikuwa mtu wa makamo mwenye kucha nyeusi za grisi. Alifungua plagi, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa kavu, ya kahawia, safi. Akanusa mafuta, akayasugua kati ya vidole. Akachungulia ekzosi. Kisha akainama juu ya kabureta, akakaa hivyo kitambo, halafu akainua uso na kumtazama Kisiki kama mtu anayesubiri jibu.

"Nini?" Kisiki akauliza.

"Nasema mchanganyiko huu hauna kosa. Moja kwa hamsini barabara. Mashine nzima kabisa."

"Nzima gani, nawe fundi? Haina sauti."

Fundi aliufuta mkono kwa tambara, taratibu. "Haya. Ngoja niuwashe."

Kisiki hakutaka kuona. Alikwenda akasimama mlangoni, mgongo kwake, akitazama barabara. Hapo ndipo kifua kilipofunguka. Aliwaambia wapita njia, na mshona viatu wa ng'ambo, na mama muuza mkaa aliyembeba mtoto aliyelala, kwamba shemeji ni nyoka. Kwamba msumeno wake umelishwa oili ya hila miezi yote hii. Kwamba mtu anaweza kuangukiwa na mti na ndugu zake wamefumba midomo.

Nyuma yake, fundi alivuta kamba. Msumeno ukawaka kwa mvuto wa kwanza. Akaushika imara, akaupiga resi mpaka mwisho, akaushikilia hapo hapo.

Ng'ambo ya barabara mshona viatu aliacha nyundo, akaziba masikio. Mama wa mkaa akamkumbatia mtoto, ambaye sasa alikuwa macho, kinywa wazi, analia. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na ndoo aliitua na kujishika kichwa.

Kisiki aliwatazama kwa uchungu. Hata hawa, watu wasiomjua, walikuwa hawataki kumsikiliza.

"Fundi," akasema bila kugeuka, "na wewe uwashe basi. Tunangoja nini?"