Taa ya Eda

Siku hizi eda hukaliwa na mwenye huzuni ya kweli, na nyumba huwa yake. Taa humulika kipaji cha uso, ikapenya mfupa, ikasoma maji ya ubongo: buluu ni huzuni, kijani ni nafuu.

Riziki, aliyemuuguza marehemu mumewe mpaka mgongo wake ukapinda, akamulikwa, akawaka kijani kama embe bichi.

"Mama, nimechoka tu!"

"Uchovu hauna rangi, mwanangu," mamkwe akamjibu.

Taa ikapitishwa kwa waombolezaji; Tatu, jirani muuza vitumbua, akawaka buluu iliyokolea.

"Kumbe vile vitumbua vya mgonjwa!" shoga mmoja akacheka ndani ya kanga.

Tatu akavishwa nguo nyeupe, akalazwa chumbani kwa Riziki. Riziki akapewa mwiko.

"Mpelekee mjane uji," mamkwe akasema, "na ubishe hodi kwanza."