Kakakuona na Mlinzi wa Dimbwi

Hapo kale, maji yalipokuwa hayana mwenyewe, wanyama walikunywa dimbwini bila sheria wala mlinzi. Palikuwa na desturi moja tu: mwenye mtoto mgongoni hupishwa.

Siku moja Ngiri, kwa pupa yake, hakumpisha Kakakuona aliyekuwa na mtoto mgongoni. Kakakuona, mwepesi wa kununa, alijikunja mchana kutwa, kisha akaenda kwa Nyati. "Bwana Nyati, mwenye nguvu ni wewe. Tuwekee sheria."

Nyati akakubali. Ili awaone wote vizuri, akasimama katikati ya dimbwi, asitoke tena. Maji yakageuka tope, na kila aliyetaka kunywa akawa anaomba ruhusa.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Kakakuona alikuwa kwenye foleni nyuma ya Ngiri, mtoto mwingine mgongoni, akiyawaza maji ya zamani, yale ambayo ungeweza kuhesabu kokoto chini yake.

"Unakumbuka yalivyokuwa matamu?" akauliza.

"Nakumbuka, dada. Siku ile nilipokukosea, jioni nilikuchimbia kidimbwi cha kwako, nije nikuombe radhi. Nikakuta umeshakwenda kwa Nyati."

"Kiko wapi?"

"Alikifukia. Alisema maji yasiyo na mlinzi ni fujo."

Kakakuona akainamisha kichwa. Ngiri akasogea kando ampishe, kama zamani.

"Rudi mahali pako," Nyati akanguruma kutoka topeni. "Hapa hapishwi mtu ila kwa ruhusa yangu."